Mwenye Taa Hana Mdomo

Mpendwa Maman Cibalonza, mshauri wetu sisi wenye vichwa vizito, naomba msaada wako, na naomba uwe wa haraka, maana siku hizi sahani nairudisha imejaa na mke wangu ananiuliza kama nina malaria, nami namwambia ndiyo ni malaria, kumbe ni mambo ya kazi.

Mimi ni mfanyakazi wa kampuni moja ya ukaguzi hapa Bukavu. Viwanda vinatuita tuangalie mashine zao, na hasa zile chaudière, mapipa makubwa ya chuma yanayochemsha maji kwa moto wa kuni na kutoa mvuke, kwa sababu chuma kikichoka na mtu asijue, siku moja pipa linapasuka na kuua walio karibu. Mkaguzi wetu mkubwa ni mzee ambaye nitamwita Papa Bulonza, si jina lake. Ndiye aliyeniingiza kazini, ndiye parrain wa ndoa yangu, yeye na mke wake walisimama nyuma yetu kanisani, na tukigombana mimi na mke wangu ni kwao tunakwenda kupatanishwa, kwa hiyo usinione kama mtu wa kuwasema wakubwa ovyo.

Kazi yake ni hii: anaingia ndani ya pipa likiwa baridi na tupu, anagonga chuma kwa nyundo ndogo, bamba kwa bamba, na kusikiliza. Chuma kizima kinalia kama kengele, chenye ufa kinajibu kama chungu kilichopasuka. Akiridhika anatoka na kupiga alama yake juu ya mlango, na kuanzia hapo kiwanda kina ruhusa ya kuwasha moto. Mimi nashika taa. Na kwetu kuna sheria ya tangu wakati wa Wabelgiji, kwamba nyundo ikigonga hakuna anayefungua kinywa isipokuwa mwenye nyundo, na mpaka alama ipigwe ni hivyo hivyo. Tunasema mwenye taa hana mdomo. Mgeni kazini anafundishwa hilo kabla hajaonyeshwa choo kiko wapi.

Sasa Maman, si zamani tulikwenda kwenye kiwanda kimoja cha chai, njia ya Katana. Tukaingia ndani ya pipa, na mzee akaniambia kama anavyoniambia siku hizi, "Mutoto, inua taa. Iangaze uso yako, hapana chuma." Amekuwa akisema hivyo kwa muda mrefu na mimi sikujiuliza, nilidhani ni macho yake yanaumizwa na mwanga. Akagonga, akagonga, chuma kikilia vizuri, mpaka alipofika kwenye bamba la chini karibu na mlango wa moto, na hapo chuma kikajibu vibaya, tena si kidogo. Nikamwangalia mzee, kumbe naye ananiangalia mimi, amenikazia macho usoni, nikajisemea moyoni huyu ananipima, anataka kuona kama nitavunja sheria, maana ofisini kulikuwa na uvumi kwamba akipumzika kazi nyundo itakuja kwangu. Basi nikakaza uso usiseme lolote. Naye akasema, "Iko muzima. Tutoke." Akapiga alama. Wenye kiwanda wakatuletea brochette, mishkaki ya mbuzi, na kasiksi, ile pombe ya ndizi, nikala, Maman, nilikula na kunywa huku chuma kile bado kinanilia masikioni.

Ndani ya camionnette nilijaribu. Nilimwambia, "Papa, ile bamba ya chini, mi nilisikia sauti mubaya." Akatazama nje, akanijibu, "Ndiyo, mvua itanyesha." Nikafikiri hataki maneno mbele ya dereva.

Halafu ikaja Jumatatu. Asubuhi tuliimba na kucheza animation, zile nyimbo za kumsifu Rais, chini ya bendera, na baada yake citoyenne, yule mwanamke wa sekretariati, akasoma habari za wafanyakazi kama kawaida, nani amezaa, nani amefiwa, nani anahamishiwa Uvira, na mwisho kabisa akasoma kwamba Citoyen Bulonza anapumzika mwisho wa mwezi, kwamba atapewa medali kwa sababu hakuna hata pipa moja lenye alama yake lililowahi kupasuka, na kwamba nyundo yake itachukuliwa na, akataja jina langu. Watu wote wakamgeukia mzee wakampigia makofi. Na mzee naye akapiga makofi, kwa nguvu na kwa furaha, akiangalia huku na huku amwone ni nani anayepongezwa.

Hapo nikaelewa yote, Maman. Mzee hasikii. Kelele za viwanda zimekula masikio yake na amekuwa akigonga chuma na kusoma uso wangu, uso ukitulia bamba ni zima, uso ukikunjamana anagonga tena. Mimi ndiye nilikuwa masikio yake na sikujua. Na siku ile moja ambayo chuma kilisema kitu, ndiyo siku niliyouficha uso.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kwao nikiwa nimepanga maneno yote. Maman Bulonza alikuwa akimenya viazi na kukusikiliza wewe redioni, ulikuwa unamgombeza yule bwana mwenye wake wawili, Maman Bulonza akacheka, na mzee akamtazama mke wake kwanza ndipo naye akacheka. Yale maneno niliyoyapanga nikayaacha, nikachukua kisu nikasaidia kumenya. Wakati wa kutoka akanishika mkono akasema, "Mutoto wangu, ile nyundo ni mimi niliomba bakupe weye. Uchunge heshima ya nyumba." Nilitembea mpaka kwangu kwa miguu, sikutaka kupanda gari, nilikuwa na hamu ya kupiga kitu.

Sasa moto utawashwa Jumatatu hii inayokuja, asubuhi. Wanawake wanaochambua chai wanakaa upande ule kwa ajili ya joto, na wengine wana watoto mgongoni. Nikisema, mzee anakosa medali, mapipa yote aliyoyapiga alama karibuni yatagongwa upya, na watu watasema nimemuuza parrain wangu ili nipate nyundo haraka. Nikinyamaza, unajua mwenyewe. Tena labda nilisikia vibaya, mimi ni nani? Sili, silali, nikikaa nasimama, nikisimama natafuta pa kukaa. Je, niwaandikie wenye kiwanda bila kutia jina? Au nijifanye mgonjwa niwe mbali siku hiyo? Au ningoje medali ipite, halafu nikishapata nyundo nirudi kule polepole nikague upya bila kumwaibisha mtu? Nishauri, Maman, ila tafadhali usitaje mtaa wetu. Naomba pia wimbo kwa ajili ya mke wangu.

Ni mimi, Mwenye Taa.

Maman Cibalonza anajibu:

Mwenye Taa, mwanangu, wimbo wa mke wako utangoja. Barua yako ililetwa hapa redioni Ijumaa, na mbele yake kuna foleni, kuna mama wa Kadutu ambaye mkwe wake anamwibia mawese. Mama huyo anisamehe. Mkwe mwizi hapasuki, pipa linapasuka, na leo ni Jumapili.

Pole kwanza. Kumpenda mtu na kumwogopa kwa wakati mmoja ni mzigo, na parrain si mtu wa kuchezea, ninajua. Nilikuwa ninakusikitikia vizuri kabisa mpaka nilipofika pale unapotaka medali ipite kwanza. Hapo niliweka barua chini nikanywa maji. Eti ukague polepole ukiwa na nyundo mkononi! Utakagua nini, mwanangu? Makaburi? Na ugonjwa wa kujifanya, ili wenzako wafe wewe ukiwa chini ya blanketi? Mimi nina watoto, na mmoja wao angeniambia hivyo angelala na njaa.

Unasema labda ulisikia vibaya. Haya, tuseme ulisikia vibaya: pipa litagongwa tena, litaonekana zima, mtachekwa, na brochette mtakula mara ya pili. Aibu ya namna hiyo inapona. Lakini wewe hukusikia vibaya na unajua, ndiyo maana huwezi kukaa kwenye kiti.

Sheria yenu ya mwenye taa hana mdomo ni sheria nzuri kwa mwenye nyundo anayesikia. Walioitunga hawakumwaza mzee wetu. Naye simwachi hivi hivi, nampenda lakini simwachi. Alionea haya masikio yake kana kwamba aliyapoteza kwenye baa, na kumbe yaliishia kazini, akiwalinda watu. Angesema tu. Mficha maradhi, kifo kitamuumbua, na safari hii kifo kingekuwa cha watu wengine, walioketi zao wanachambua chai. Ninyi wawili mmekuwa mnaheshimiana sana mpaka mmesahau kuambiana ukweli.

Sasa nisikilize, na usijibu. Barua bila jina usiandike; karatasi isiyo na mwenyewe itatumika kuwashia moto ule ule. Kwa mkurugenzi usianzie. Nenda kwa mzee leo hii, jua lingali juu. Kaa mbele yake, si kando, mwanga ukuangukie usoni kama alivyokufundisha yeye mwenyewe, na safari hii usiukaze. Sema polepole aione midomo. Mwambie ni bamba la chini, karibu na mlango wa moto. Mwambie kwamba tangu siku ya makofi unajua hasikii. Akilia, mwache alie. Halafu mwombe mwende pamoja kule kiwandani kabla ya giza, na alama ile aifute kwa mkono wake. Watakaosema ni aibu waseme. Mimi nasema mkaguzi anayerudi kufuta alama yake kabla moto haujawashwa, huyo medali inamfaa kuliko zamani. Na kesho asubuhi mwende ninyi wawili kwa mkurugenzi, mumwambie habari ya yale mapipa mengine, kabla hamjaimba chini ya bendera.

Akikufukuza, mwamkie, toka, panda gari lolote linalokwenda Katana. Mtafute mwenye kuwasha moto, umwambie kwa jina lako kamili kwamba asiwashe, na usimame mlangoni mpaka wakubwa waje. Ukikosa nyundo, kosa. Na kabla ya hayo yote mwambie mke wako kwamba huna malaria. Mimi umeniandikia kurasa nyingi, yeye hujampa hata neno moja.

Najua sasa hivi unanilaani, unasema Maman amemvua mzee nguo mbele ya mji mzima. Sikumvua. Majina si yake, mtaa sijautaja, na leo Bukavu nzima itakuwa inamtafuta mkaguzi kiziwi bila kumpata. Yuko mtu mmoja tu ambaye majina ya uongo hayamdanganyi, na uliniandikia mwenyewe kwamba Jumapili ananisikiliza akimenya viazi.

Maman Bulonza, najua uko hapo. Najua kisu kimesimama. Mzee amekutazama, ameona hucheki, hajui acheke au anyamaze, na sasa anakuuliza, "Banasema nini?" Nakuomba usimjibu, mama. Kuna mtu anavaa viatu aje kumjibu. Atakapogonga mlango, nyanyuka wewe umfungulie, maana baba hatasikia.