Punda Iko mu Congé

Rébecca, acha ile unafanya usome. Niko na kasirani sana.

Unajua punda ya dada yangu Dorothée, ile ya kubeba makala, makaa ya kupikia? Batu ba ONG, shirika ya kusaidia bapunda, balikuja Ngezi, bakaona kidonda yake ku mugongo. Bakapakala dawa, bakasema: "Punda ipewe congé, ipumuzike mwezi muzima." Josaphat, bwana ya Dorothée, akasaini karatasi ya kukubali.

Akasaini, Rébecca!

Sasa Dorothée njo anabeba ile gunia ya makala, kamba ku kipaji ya uso. Imeshamuchubua ngozi.

Leo jeep ya ile ONG ikasimama pembeni yake. Akafikiri batamupandisha.

Bakashusha kioo: "Mama, punda inapona?"

Kioo tu!

Akabajibu: "Inapona. Inakula, inalala. Na miye muniandike ku liste ya bapunda."