Damu ya Mtu Mzima

Kaka yangu,

Wifi kaniandikia kwamba umepaka rangi jikoni ukajipaka na wewe. Nimecheka peke yangu maabarani. Jirani yangu wa hapa kazini, mtafiti tunayemwita Bwana Mawe, bado anapima kijiwe kilichoanguka kutoka angani, na anakidekeza kama kitindamimba.

Unakumbuka nilipokuomba damu ya mtu mzima, niilinganishe na ya wagonjwa wangu wa saratani? Ukatania, "Kamwombe babu, mimi bado kijana!" Ukanyoosha mkono.

Mashine ya kupimia iliisoma damu yako kama ya wagonjwa wangu. Nikailaumu mashine. Nikaisafisha, nikabadilisha dawa zake, nikapima upya, ikasema yale yale. Nikamwomba Bwana Mawe aipime kwa mashine yake ya mawe! Akanitazama, akasema taratibu, "Dada, kaa kwanza." Leo fundi kaifungua mashine yangu yote, nami nimesimama pembeni nikiomba aikute imeharibika.

Mashine ni nzima.

Kaka, nimeshika simu nikashindwa. Ukiipata hii, njoo. Wifi mwambie nimekukumbuka tu.

Maneno ambayo huwa naanza nayo kwa mazoea leo yamekataa kuandikika kule juu. Nayaweka hapa: mimi mzima, hofu ni kwako.

Mdogo wako