Pedali ya Tatu

Mashimba Marcelo,
S.L.P. 43,
Bariadi.
15 Oktoba 1995

Mpendwa kaka Januarius,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, wewe na shemeji Esteria na watoto, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa masika kimekuachia. Sisi huku tupo. Shemeji yako Violeth alilala na malaria wiki mbili, sasa ameamka na amerudi kunisema kwa sababu ya grisi kwenye mashuka, kwa hiyo najua amepona. Mvua za kwanza zimegusa tu na kuondoka.

Telegramu ya kifo cha shangazi Nyanjige uliipata, maana pole yako ilitufikia Jumatano. Lakini telegramu hulipiwa kwa neno, na haya ninayotaka kukueleza hayaingii humo. Nataka ujue jinsi baba alivyochelewa kumwona dada yake. Kosa ni letu sisi wawili kaka, wewe uliyenunua na mimi niliyefunga. Nakuomba usikasirike kabla ya kufika mwisho.

Wewe ulikuwa mkubwa, utakumbuka kuliko mimi mwaka ule marobota ya pamba yalipomwangukia baba kule kiwandani, ginari, likavunjika goti la kushoto na halikukunjika tena. Shangazi alisema mbele ya wakwe zake, pale kwake Kimali, kwamba mdogo wake sasa ni mtu wa kubebwa. Labda alisema kwa uchungu tu. Baba akaapa kwamba hatakanyaga Kimali mpaka ajipeleke mwenyewe. Ndipo akauza ng'ombe, akanunua ile Peugeot 404 kwa daktari aliyekuwa anaondoka nchini, gari la otomatiki, lenye pedali mbili tu.

Kila mwaka baada ya kuuza pamba alikuwa anakwenda nalo Kimali. Hawakuombana msamaha hata siku moja, lakini walikula pamoja na kucheka, ikatosha. Halafu ikaja 1979, vita na uhaba, oili ya giaboksi haipatikani Bariadi wala Mwanza, tukaweka oili ya injini. Tuliiua giaboksi kwa mikono yetu. Gari likapandishwa juu ya mawe, kuku wakataga kwenye kiti cha nyuma, na kwa miaka kumi na sita baba hakufika Kimali. Ukimwambia apande lori anajibu kwamba ana gari lake.

Mwezi wa saba Mwandu, mtoto wa shangazi, alileta pamba huku kwa hawa wanunuzi binafsi, akapita nyumbani. Alisema mama yake amevimba miguu na tumbo, hali chakula, na kila siku anamtaja baba. Baba alisikiliza, kisha akasema atakwenda gari litakapotembea. Usiku ule ule nikakuandikia. Nawe hukunichelewesha. Ulizunguka maduka ya Gerezani huko mjini kwenye hizo spea zinazoingia siku hizi kwa makontena, ukapata giaboksi ya 504 ya kukanyaga klachi, na pleti yake, na pedali yake, ukapakia kwenye treni.

Niliifuata Malampaka mwenyewe. Nilipofungua lile sanduku pale stesheni na kuona meno yake hayajalika, niliwaita watu nisiowajua waje waone.

Kazi ilichukua wiki tatu. Nakueleza kidogo ili ujue sikulipua. Injini ile haikutengenezewa klachi. Nyuma ya krankshafti, mahali ambapo ncha ya shafti ya giaboksi inatakiwa kukaa, kulikuwa na tundu tupu. Masele, yule fundi wa mashine ya kukereza, akanichongea bushi ya shaba. Ya kwanza ilibana, ya pili ikaingia kwa kusukuma na dole gumba. Pleti ya klachi niliisimamisha katikati kwa kijiti nilichochonga kwa kisu mpaka kikalingana na shafti. Giaboksi mpya ilikuwa fupi, nikasogeza mbele kiti kinachoibeba na kuchomelea upya. Mwisho nikatoboa bati la mbele na kufunga pedali ya tatu kushoto kwa breki. Kaka, katika maisha yangu ya ufundi sijafanya kazi safi kama ile.

Baba alikuwa anakaa pale kwenye kigoda chake kila siku, ule mguu ameunyoosha mbele, akinipa spana. Aliuliza habari ya bushi, akauliza habari ya oili mara tatu, maana hilo halijamtoka. Alikuwa akicheka na Masele. Mimi nilidhani ni furaha.

Tulimaliza Alhamisi, tarehe 21 mwezi wa tisa. Baba alivaa koti la kanisani na kofia, Violeth akamfungia kuku wawili wa kumpelekea shangazi. Akaingia upande wa usukani, akavuta mlango. Mimi nikasimama dirishani nikamwambia, kama mjinga ninavyowaambia wateja wote, kwamba akanyage klachi ndipo awashe.

Aliangalia chini. Akashika suruali kwenye goti kwa mikono miwili, akauinua ule mguu mpaka ukafika juu ya pedali, akausukuma kwa mkono. Pedali haikushuka hata nusu. Akajaribu tena. Jasho likamtoka. Kisha akaurudisha mguu wake mahali pake, akafungua mlango, akaniambia kazi ni nzuri na nikushukuru sana wewe. Akaingia ndani na koti lake.

Sijui kama utanielewa nikisema kwamba ndipo nilipokumbuka. Wewe na mimi tumekulia katika nyumba ambayo mguu wa baba hautajwi. Mama alitufundisha hivyo kwa makofi. Mtoto akiuliza kwa nini baba anatembea vile, anapelekwa nje. Tukazoea kutoutaja, mwisho tukawa hatuuoni. Mimi nimetengeneza gari la baba yangu wiki tatu, ananipa spana, mguu uko mbele ya macho yangu, na sikuuona.

Siku zilizofuata nilimbembeleza nimwendeshe mimi. Alikataa. Nikasema nitatafuta namna ya kubadilisha, akasema niache gari lilivyo. Violeth aliniambia nilale nikijua kwamba shangazi hasubiri mafundi. Lakini nilikuwa naona haya, kaka. Nilijua njia moja, na ili niiseme ilibidi nitaje mguu. Nikakaa nayo moyoni siku kumi na tatu.

Jumatano jioni ndipo nilipopata ujasiri. Nilimkuta amekaa peke yake uani.

"Baba," nikamwambia, "mguu wangu ukanyage klachi, wewe uendeshe."

Nilitegemea kofi, kwa umri huu nilio nao. Akauliza tu kama mafuta yanatosha mpaka Kimali.

Tukaondoka alfajiri ya Alhamisi. Nilibanana naye katikati ya viti viwili, mkono wa gia uko kati ya magoti yangu, mguu wangu wa kulia umevuka kwenda upande wake na wa kwake umelala chini ya wangu. Akisema "sasa", nakanyaga. Akiingiza gia, naachia. Mpaka Maswa tulikuwa tunakwaruza gia na kutukanana, baada ya Maswa tukawa hatusemi tena, nausikia mwili wake unapotaka gia. Alipitisha mkono dirishani. Kabla ya Mwanhuzi aliimba wimbo wa kulima ambao sijausikia tangu mama afe. Nakuambia ukweli, siku ile nilikuwa na furaha, na sasa naionea aibu furaha hiyo.

Tulipoona miti ya boma la shangazi, alisema tusimame. Akataka nishuke. Nilielewa. Nikamweleza kwamba gari likiwa kwenye gia ya kwanza na akageuza ufunguo bila klachi, stata italivuta na injini itashika yenyewe, na akifika azime tu ufunguo, litasimama. Nikashuka. Gari likaruka mara mbili, likashika, likaenda polepole peke yake na baba, mgongo ameunyoosha na kofia kichwani. Mimi nikafuata nyuma kwa miguu kwenye vumbi lake.

Waliotoka kumlaki walikuwa wamenyoa vichwa. Wote, hata watoto. Baba alizima gari. Akawasalimia, "Mwadila", na Mwandu akaja mlangoni kumwambia. Shangazi alikuwa amefariki Jumapili na kuzikwa Jumatatu. Mtu waliyemtuma kwetu na baiskeli alikuwa bado yuko njiani, tulipishana naye mahali fulani tukiwa tunaimba.

Baba aliuliza kitu kimoja tu pale kaburini, kama dada yake alikuwa anaongea siku za mwisho. Mwandu akajibu kwamba mpaka Jumamosi alikuwa anauliza kama kuna gari limesikika. Nikamwona baba anahesabu kwa vidole. Mimi sikuhitaji kuhesabu. Kama tungeondoka ile Alhamisi ya kwanza, angekaa naye siku kumi.

Tulilala msibani siku nne. Wakati wa kurudi baba alikwenda moja kwa moja upande wa abiria, akanipa ufunguo, akasema niendeshe. Sikumbishia. Tulipokuwa tumeshapita Mwanhuzi ndipo akaniambia, bila kunigeukia:

"Ile pedali niliiona siku ulipoitoa sandukuni pale nyumbani."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Niliuliza kwa sauti mbaya, Mungu anisamehe.

"Nilikuwa nangoja mmoja wenu akumbuke," akasema. "Ningesema mimi, ingekuwa ni habari ya mguu wangu tena."

Basi kaka, hiyo ndiyo habari yenyewe, na sina wa kumwambia isipokuwa wewe. Baba anakula kidogo na halalamiki. Tarehe moja ya Novemba tutasoma misa ya shangazi. Kama kazi ya bandarini itakuruhusu, njoo hata kwa siku mbili, maana akiniona mimi anaona fundi, na nadhani anahitaji mtoto wake mwingine.

Violeth anakusalimu sana. Masele anakusalimu na kukushukuru kwa tochi uliyomtumia. Mwandu na wote wa Kimali wanakusalimu katika msiba huu. Msalimie sana shemeji Esteria, uwabusu watoto, na yule mdogo umwambie baba yake mdogo anamdai picha. Mungu awafunike na baridi ya usiku, na njia zenu huko mjini ziwe salama.

Kabla sijafunga bahasha nilimuuliza baba kama ana neno la kukuambia. Alifikiri kidogo, kisha akasema nikuandikie kwamba giaboksi ilifika salama na inafanya kazi vizuri. Hayo ndiyo maneno yake kwako. Mengine yote nimeandika mimi.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye siku zote,

Mashimba