Kabula Alivyouza Ng'ombe

Jumatano, Matambarale

Bado nacheka peke yangu. Mkufunzi alitoka chuoni Nachingwea bila taarifa, akakaa nyuma ya darasa kukagua mazoezi yangu ya ualimu. Nilishtuka mpaka chaki ikanidondoka.

Nikaendelea tu na mchezo wa soko kwa Kiingereza. Kidato cha kwanza wakauziana ufuta na korosho kwa kunong'ona, wote wakiona aibu.

Kisha akasimama Kabula. Wazazi wake ni wafugaji, wamehamia juzi juzi kutoka Kanda ya Ziwa. Tangu aje alikuwa kimya, maana wenzake wanacheka Kiswahili chake. Leo aliuza ng'ombe. Kiingereza chake kilikuwa kibovu kama cha wenzake, lakini bei hakushusha. Mwenzake Tatu, anayemchekaga kuliko wote, alibembeleza mpaka akachoka. Mkufunzi akasahau kuandika.

Alama sijui atanipa ngapi. Naogopa kidogo.

Ila kengele ilipolia, Kabula aliuliza kwa Kiswahili chake kilekile, mbele ya wote: "Madamu, kesho tunauza tena?"

Hakuna aliyecheka. Tatu akamjibu kabla yangu: "Kesho lazima unipunguzie."