Manyoya ya Pilipili

Jumatatu, 3 Machi
Mazoezi tena baada ya kazi. Mto wa kochi juu ya meza, nami naupapasa: mabega, mgongo, mkia ambao haupo. Mke wangu Neema kapita na nguo za kufua, kauliza kama mto umeshinda. Jumapili, kwenye maonyesho ya mbwa, nitahukumu teria kwa mara ya kwanza. Mbwa wadogo, wakali, wa kufukuza panya na mbweha mashimoni. Nami nina tumbo linalonifichia viatu vyangu. Nitainamaje?

Jumatano, 5 Machi
Mama Nirmala hajapiga simu mwezi mzima. Haifai mshindani kuzungumza na jaji kabla ya maonyesho. Yeye ndiye aliyenifundisha hilo, kama alivyonifundisha mengine yote ya mbwa. Tulikutana kituo cha basi hapa Harrow, London. Alinisikia nikifoka kwenye simu kwa Kiswahili, akacheka. Mjane, mzaliwa wa Mombasa, mbwa kwapani. Jumapili atamleta mbwa wake, Pilipili. Mbwa anazeeka na hajawahi kupata utepe wa mshindi wa kwanza. Mama anautaka sana. Nami nataka aupate. Hapo ndipo penye tatizo.

Ijumaa, 7 Machi
Usingizi wa mang'amung'amu. Nimempapasa Neema taya. Kasema nikitaka kukagua meno nisubiri asubuhi.

Jumapili, 9 Machi
Nimerudi. Miguu inauma. Roho pia.

Ukumbi wa baridi, harufu ya mbwa waliooshwa. Kundi la wakongwe, mbwa watano. Pilipili akatembea kama mwenye nyumba. Wa kwanza huyu, nikajisemea, bila ubishi. Kisha nikampapasa mezani. Manyoya laini.

Teria wa aina ya Pilipili hanyolewi. Manyoya yaliyokufa hunyonyolewa kwa vidole, kidogo kidogo, wiki nyingi, ndipo huota magumu kama brashi ya makumbi ya nazi. Haya yalipitiwa na mashine. Mama Nirmala mwenyewe angemsema mtu vibaya kwa kosa hilo. Nikainua macho, nikaona mikono yake. Viungo vya vidole vimevimba. Kamba ya mbwa kaizungushia mkononi kwa kuwa hawezi kuikamata.

Nikampa nafasi ya tatu.

"Asante, bwana jaji," akasema. Miaka yote ananiita Yosefu. Hakungoja chai.

Jumatatu, 10 Machi
Mama Nirmala hapokei simu. Neema anasema nilitenda haki. Sawa. Nina hasira na ile mashine, na mimi mwenyewe. Mwezi mzima tumekaa kimya kwa heshima ya mashindano, na ndio mwezi aliohitaji mtu. Kazini nimetuma barua moja kwa watu wawili wasiohusika. Siwezi kukaa kitini.

Jumamosi, 15 Machi
Nimekwenda kwa Mama Nirmala na aproni ya Neema. Kafungua mlango nusu.

"Jaji amekuja kukata rufaa?"

Nikamwomba mbwa nimnyonyoe. Akanikumbusha kanuni: nikimtengeneza Pilipili, siruhusiwi kumhukumu mwaka mzima. Nikamwambia ndiyo maana nimekuja. Majaji wengine wapo. Akanitazama, akatazama aproni yenye maua. Akafungua mlango wote.

Gazeti sakafuni, Pilipili juu ya meza ya jikoni. Mimi nanyonyoa, mama anahukumu.

"Polepole, Yosefu. Hung'oi magugu."

Mpaka chai inapoa, tumemaliza bega moja.