Kuhusu Dawa ya Mama

Kasulu, Jumapili

Kaka Mansuri,

Shikamoo. Hali yako huko Tanga, na wifi Firdausi na watoto? Huku mvua zimepungua, watu wanavuna maharage. Mimi mzima, ila miguu inauma kwa kuzunguka kwa wagonjwa. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza.

Mama anakunywa uji vijiko vitatu, cha nne anakataa, anadai naupika kama wa wagonjwa. Saratani imeshaingia kwenye mifupa, kaka. Bila mofini ya kutuliza maumivu hageuziki kitandani.

Wiki iliyopita nilikwenda Kagerankanda kwa mzee Pasikali, mmoja wa tunaowahudumia majumbani. Nilimkuta amekunja ngumi, jasho linamtoka. Binti yake Rosa alinieleza waziwazi kwamba chupa ya mofini ameificha kwenye gunia la mahindi tangu Jumatano. Alisema dawa ile inamlaza baba, na kaka zake walikuwa njiani kutoka Kibondo. Wao ndio waliomwagiza, wasije wakamkuta amelala akashindwa kuwaaga.

Haya nayaona kila mwezi. Wengine huamini dawa yenyewe ndiyo inayoua. Naeleza, wanaitikia vizuri tu, nikirudi nakuta chupa imejaa vilevile. Zamani nilikuwa nakasirika. Safari hii nilimpa mzee dozi yake, nikakaa mpaka vidole vikafunguka. Rosa alishangaa kwamba sikumgombeza.

Sasa nije kwenye ombi lako. Umeniambia nimpunguzie mama dawa mpaka ufike mwisho wa mwezi, ili umkute macho kama ulivyomkuta baba. Umeshatusimulia mara nyingi, hata pale msibani, jinsi baba alivyokuita kwa jina, akakushika mkono kwa nguvu, akakuusia kuhusu duka. Unasema Mungu alimhifadhia akili mpaka mwisho.

Kaka, baba nilimnyima dawa. Ulipopiga simu ukiwa Singida niliifungia kabatini, nami tayari ni nesi, najua ninachofanya. Alikaa saa kumi na sita bila dozi. Aliniomba. Mwanzo aliniita mwanangu, baadaye akawa ananiita nesi. Nilimwambia dawa imekwisha. Kwamba alikupenda sina shaka, lakini nguvu zile alizokushikia mkono zilikuwa za maumivu. Ulipotoka kwenda kuswali ndipo nikampa, akalala, akafa kesho yake asubuhi.

Miaka saba nimekuacha uifurahie ile saa yako. Nimekosa kwake, na wewe nimekudanganya. Unisamehe ukiweza. Ila sitarudia, hata ukinikasirikia. Mama atapata dawa yake kila baada ya saa nne. Ukipata barua hii usingoje mwisho wa mwezi, panda basi. Asubuhi akishaoga huwa anazungumza kidogo.

Msalimie wifi, na watoto uwabusu. Mama naye anakusalimu sana. Leo nimemuuliza yeye mwenyewe anavyotaka, jambo ambalo kwa baba sikulifanya. Amesema apewe dawa yake, na wewe ukija ukamkuta amelala, usimwamshe.

Mdogo wako,
Asmahani