Gari Halitaki Mlima

Jumatatu, 3 Machi
Gari limeanza vituko. Nimeliwasha asubuhi, likanguruma vizuri dakika mbili, kisha likaanza kutetemeka kama mtu mwenye homa. Nikikanyaga mafuta linatulia. Nikiachia, usukani unacheza mikononi. Kwenye mwinuko wa hospitali likaishiwa nguvu kabisa — lori la mchanga limenipita. Lori la mchanga!

Na zimebaki wiki mbili tu niripoti zahanati mpya, ng'ambo ya mlima. Kule hawana mkunga tangu mwaka jana. Wajawazito wanashushwa kwa pikipiki. Basi halifiki. Bila gari, sina kazi ile.

Baba alikuja hadi dirishani, akainamisha kichwa kusikiliza. Miaka thelathini ya kuendesha malori, sikio lake halijastaafu. Akasema injini imechoka, nisiilazimishe. Hasa mlima ule.

Jumatano, 5 Machi
Fundi wa pale kona amebadilisha plagi zote nne. Sikukaa kwenye kiti alichonipa, nilisimama begani kwake. Plagi za zamani zilikuwa safi, hata masizi hazina. Nikamuuliza, kama ni safi amezitoa kwa nini. "Dada, ndipo tunapoanzia."

Akaanza kuchomoa koili, zile zinazopeleka umeme kwenye plagi, moja moja injini ikiwa inanguruma. Kila aliyoichomoa, injini ikazidi kuyumba — maana yake zote zinafanya kazi. Akajikuna kichwa. Basi itakuwa kompyuta, anasema.

Asiyejua ugonjwa, kila dawa anakupa. Au anaujua, ananizungusha? Plagi zangu za zamani kazifungia kwenye droo yake. Za nini?

Baba kaniambia: "Mafundi wa siku hizi wanakisia. Waambie zahanati watafute mtu wa karibu."

Ijumaa, 7 Machi
Nimemkumbuka kaka. Jumapili ile kabla gari halijaugua alilichukua kuhamisha meza. Nikamuuliza alipita wapi, alibeba nini, nani aligusa boneti. Akasema namhoji kama askari. Hakuniangalia usoni — lakini kaka hamwangalii mtu usoni tangu azaliwe.

Tumerushiana maneno sebuleni. Baba, ambaye siku zote ndiye refa wetu, safari hii alikuwa akikunja gazeti tu. Akalikunja mpaka likawa dogo kama bahasha.

Jumatatu, 10 Machi
Nimempeleka mgonjwa kwa fundi mwingine. Wanamwita Mama Spana, gereji yake iko nyuma ya soko la mbao. Hakugusa plagi. Aliliacha gari lingurume, akachukua mkebe wa dawa ya kusafishia kabureta, akawa anapuliza kidogo kidogo kwenye mipira ya kupitishia hewa, mmoja baada ya mwingine. Hamna kitu. Hamna kitu. Akafika mpira mwembamba nyuma ya injini — mngurumo ukabadilika hapo hapo.

"Gari lako linavuta hewa ya wizi," akasema. "Ndiyo maana linatetemeka likisimama na kuchoka likipanda."

Akauchomoa mpira, akaugeuza. Mkato upande wa chini, ulionyooka kama mstari wa rula.

"Mpira ukizeeka hupasuka kama kisigino. Huu umekatwa. Kwa wembe."

Nikamuuliza nani anaweza kufanya hivyo. Akafuta mikono kwanza. Akasema ni mtu anayejua injini, tena si adui, maana mipira ya breki iko pale pale na haikuguswa. "Hakutaka ufe, mama. Alitaka usifike."

Mpira mpya. Injini imetulia kama mtoto aliyeshiba. Mwinuko wa hospitali nimeupanda nikiimba. Lakini maneno yale nimerudi nayo nyumbani.

Alhamisi, 13 Machi
Limerudi. Mtetemo ule ule. Nimefungua boneti mwenyewe: mpira mpya umechomolewa, umelazwa pembeni vizuri, kwa adabu. Nimeurudisha, kimya. Sijamwambia mtu.

Gari halijatoka getini tangu Jumatatu jioni, jana nililiwasha likiwa zima, na geti lina kufuli. Fundi wa kona nimemsingizia bure. Kaka yuko safarini kikazi tangu Jumanne. Naye nimemsingizia.

Katika nyumba hii amebaki nani? Mimi. Na Baba.

Baba anaijua injini kama mimi ninavyolijua tumbo la mjamzito, kwa kupapasa tu. Na mlima ule ndiko lori lake lilikopinduka na utingo wake akafa. Hakushika usukani tena. Hatujawahi kulizungumza.

Jumamosi, 15 Machi
Mezani nimesema, kama utani, kwamba Mama Spana alikuta mpira umekatwa.

Baba, ambaye mlango ukilia anauliza ni bawaba ya juu au ya chini, hakuuliza mpira gani. Aliomba chumvi.

Nilitaka kupayuka. Nikampa chumvi.

Jumatatu, 17 Machi
Naandika juu ya usukani. Mwandiko unacheza kwa sababu gari linacheza. Mizigo iko nyuma, saa tatu natakiwa zahanati. Nimewasha — linatetemeka. Tena.

Kabla sijashuka, Baba ametoka ndani, mikono ya shati imekunjwa. "Fungua boneti." Nimefungua. Imesimama mbele yangu kama ukuta, nikitoa kichwa nje naona viatu vyake tu.

Nimemuuliza kupitia dirishani ameona nini.

"Utingo wangu alikuwa na umri wako."

Nimemwambia najua, Baba. Na kule kuna wanawake wanaojifungulia njiani.

"Najua."

Viatu vimesogea. Nimesikia akikohoa, kisha sauti ya chini, ya dereva anayemwelekeza dereva:

"Kona ya tatu ukiteremka, usitegemee breki. Ingia na gia ya pili kabla hujaiona."

Nimesema ndiyo, Baba. Injini bado inatetemeka, na mikono yake bado iko humo ndani, nasikia inausukuma mpira mahali pake.